Lori au Ardhi? Kikombe cha Chai cha Nyololo

Ndugu msikilizaji, nawe ndugu msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, wiki hii nitaanza na kikombe cha chai.

Nilikuwa Nyololo, pale njia panda ambapo barabara ya kwenda Igowole, Kibao na Mgololo inaachana na barabara kuu ya Makambako na Mbeya. Baridi ya Mufindi anayeijua anaijua. Niliingia katika mgahawa mmoja kando ya lami, nikaagiza chai ya rangi na maandazi mawili. Kabla sijakinyanyua kikombe, chai ikaanza kucheza yenyewe. Kijiko kikagongagonga kisahani. Lori sikulisikia, nikadhani ni jambo jingine.

"Mama," nikauliza, "hili si tetemeko?"

Mama mwenye mgahawa hakuacha hata kukanda unga wake. "Baba yangu, hapa vikombe vinacheza kutwa kucha. Malori ya Zambia hayo." Aliponiona sijaridhika, akamwita mjukuu wake, akamtuma nyumba iliyoko ng'ambo ya kilima, mbali na barabara, akaulize kama na kule vyombo vimetikisika. "Likiwa lori litatutikisa sisi tu," akasema. "Ikiwa ni ardhi, itawatikisa na wenzetu."

Mtoto alikawia, nadhani alikuta wenzake wanacheza. Aliporudi jibu lake lilikuwa fupi: kule hakuna aliyesikia kitu. Basi lilikuwa lori.

Nililipa chai yangu nikaondoka, lakini maneno ya yule mama nilisafiri nayo hadi Mbeya. Maana ni kwa njia hiyo hiyo, ya kumuuliza jirani aliye mbali na barabara, kwamba mwaka 2002 ulimwengu ulijulishwa mtetemo wa ardhi ambao mitambo ilikuwa inaunasa na watu wanautupa wakidhani ni kelele za malori. Na nchi niliyokuwa naipita siku ile, kutoka Nyololo hadi Tunduma, ni nchi ambayo imesikilizwa kidogo mno ikilinganishwa na mambo yaliyomo chini yake.

Tuanze mbali kidogo. Binadamu ameishi na matetemeko tangu azali, lakini kuyasikia yakiwa mbali ni elimu ya juzi tu. Tarehe 17 Aprili 1889, mtaalamu wa nyota wa Kijerumani aliyeitwa Ernst von Rebeur-Paschwitz alikuwa na chombo chepesi sana mjini Potsdam, akipima jinsi mwezi na jua vinavyoivuta ardhi. Hakuwa akitafuta tetemeko. Mchoro wake ukachafuka bila sababu aliyoijua. Baadaye akasoma habari kwamba Japani kumetokea tetemeko, akalinganisha saa, na hapo ikajulikana kuwa ardhi ikitikiswa upande mmoja wa dunia, upande wa pili hupata habari. Mwingereza John Milne, aliyeishi Japani tangu 1876 hadi 1895, ndiye aliyeifanya habari hiyo kuwa kazi. Aliporudi kwao alisambaza mitambo katika makoloni na bandari za dunia, na vituo vikawa vinampelekea alama zake katika kisiwa kidogo cha Wight.

Sasa, ukishanasa mtetemo, utajuaje umetoka wapi? Tetemeko la kawaida hutoa mawimbi yanayotangulizana. La kwanza hukimbia kilomita 6 hivi kwa sekunde, la pili kilomita 3 na nusu. Ni kama radi: ukiona mwanga ukahesabu mpaka ngurumo ifike, unajua mvua iko mbali kiasi gani. Kwa ardhi, hesabu ya haraka ni kuzidisha kwa 8 zile sekunde zilizopita kati ya wimbi la kwanza na la pili. Tuseme tuna mtambo Nyololo, nao unaonyesha sekunde 10. Tetemeko liko umbali wa kilomita 80 hivi. Upande gani? Chora duara kuzunguka Nyololo. Mtambo wa Tukuyu nao uchore duara lake, na wa Sumbawanga la kwake. Yanapokutana maduara matatu, hapo ndipo.

Utaona kwamba hesabu hiyo yote inategemea wimbi lianze waziwazi, kama mtu anayebisha hodi. Anayenyemelea haingii katika hesabu hiyo. Lishike neno hilo, tutalirudia.

Nyanda zetu za Juu Kusini ziliingia katika vitabu vya elimu hii kwa kishindo. Tarehe 13 Desemba 1910, katika enzi ya Wajerumani, eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa kupata kupimwa katika Afrika kwa karne nzima ya 20. Mitambo ya Ulaya iliyasikia mawimbi yake. Lakini mitambo iliyo mbali kiasi kile humwonyesha mtu mkoa, haimwonyeshi kijiji. Nicholas Ambraseys, mtaalamu wa London ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kuyafukua matetemeko ya zamani kwa kuunganisha alama za mitambo na maandishi ya watu waliokuwapo, alilichunguza upya na mwaka 1991 akachapisha matokeo: ukubwa wake ulikuwa 7.4. Yaani ilichukua miaka 80 kulipatia tetemeko la Rukwa nafasi yake. Vijiji wakati ule vilikuwa vichache na nyumba zilikuwa za miti na nyasi. Namwachia msikilizaji afikirie tetemeko la kiasi kile likipita leo chini ya mji wa matofali.

Hatua ya pili ilikuja baada ya Uhuru, tena ilichelewa. Mapema katika miaka ya 1990 Mbelgiji Thierry Camelbeeck na Iranga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walisikiliza bonde la Rukwa kwa mitambo ya muda. Kisha mwaka 1994 wataalamu wa Marekani, wakishirikiana na wenzao wa hapa, wakafunga vituo 20 vilivyokata Tanzania kwa mistari miwili. Vilikaa mwaka mmoja hivi. Na kama vile ardhi ilikuwa inawangoja, tarehe 18 Agosti 1994 Rukwa ikatoa tetemeko la ukubwa wa 5.9 wakati mitambo iko wazi. Lilipopimwa, shina lake lilikutwa kilomita 25 hivi chini.

Kina hicho kina maana gani? Chukua ugali. Ukiwa wa moto unabonyea, haukatiki. Ukilala ukawa kiporo, unavunjika vipande. Mwamba nao ni hivyo hivyo. Katika nchi nyingi za bara, ukishashuka kilomita 15 hivi joto linazidi, mwamba unabonyea badala ya kuvunjika, na matetemeko yanakoma. Chini ya Rukwa mwamba ni kiporo hadi chini kabisa. Ufa unaoweza kuvunjika kutoka juu hadi kina kirefu ni ufa mpana, na ufa mpana ukikatika wote kwa mara moja hutoa tetemeko kubwa. Ndiyo maana ile 7.4 ya mwaka 1910 haikuwa bahati mbaya ya siku moja. Na habari hiyo tuliipata kwa kuwa mitambo ilikuwapo karibu katika mwaka ule mmoja.

Sasa twende Japani, ndugu msikilizaji, maana kule ndiko kikombe cha yule mama kinakotupeleka. Japani imekaa mahali ambapo bamba la sakafu ya bahari linazama chini ya bamba la nchi kavu, sentimita chache kila mwaka. Kwa jirani zetu wa pwani, mambo ya mabamba yanayozama si hadithi ya mbali: mawimbi yaliyoua watu pwani ya Tanzania tarehe 26 Desemba 2004 yalianza Sumatra, mahali pa namna hiyo hiyo, yakavuka bahari nzima mchana ule.

Tarehe 17 Januari 1995 mji wa Kobe ulibomoka, watu zaidi ya 6,400 wakafa. Serikali ya Japani ikaamua kuifunika nchi kwa masikio. Vikajengwa vituo 600 hivi, kila kimoja kikiwa kilomita 20 au 30 kutoka kwa jirani yake, na mitambo yake ikashushwa ndani ya mashimo ya mita 100 au zaidi. Kwa nini mashimo? Kwa sababu ya malori! Na magari moshi, na viwanda, na upepo unaotikisa miti. Juu ya ardhi kuna kelele. Ukishuka chini kunatulia.

Katika taasisi iliyosimamia vituo hivyo alikuwapo Kazushige Obara. Kusini magharibi mwa nchi yake aliona mitambo inachora mvumo hafifu, unaoinuka na kushuka polepole, ukidumu dakika, wakati mwingine saa na hata siku. Haukuwa na hodi. Hakuna wimbi la kwanza, hakuna la pili. Mtu wa kawaida angeutupa, na kwa hakika wengi kabla yake waliutupa, maana ulifanana kabisa na kelele za barabarani. Obara akauliza swali la yule mama wa Nyololo: je, na jirani amesikia? Akakuta kituo cha jirani kimechora mvumo ule ule, ukiinuka na kushuka kwa namna ile ile, ila umechelewa sekunde chache. Na cha tatu vilevile. Lori halitikisi vituo vilivyoachana kilomita 30, tena kwa umbo moja.

Hapo njia ya maduara haimsaidii mtu, kwa kuwa hakuna hodi ya kuhesabia. Alichofanya ni kuyachukua maumbo ya mivumo kutoka vituo viwili viwili, akayasukuma moja juu ya jingine mpaka yakalingana, kama fundi anavyolinganisha vipande viwili vya kitambaa kabla ya kushona. Kiasi alichosukuma ndicho kiasi ambacho kituo kimoja kilitangulia kingine. Kwa tofauti hizo za sekunde kutoka vituo vingi, mahali pa kutokea mvumo pakajulikana: kina cha kilomita 30 hivi, katika ukanda wa urefu wa kilomita 600, sambamba na bamba linalozama. Na mvumo ulitembea. Leo uko hapa, kesho kilomita 10 mbele. Habari hizo zilichapishwa Mei 2002.

Ng'ambo ya bahari ile ile, pwani ya Kanada na Marekani, kulikuwa na fumbo lingine. Katika kiangazi cha 1999 mitambo 7 inayopima mahali kwa setilaiti, ambayo siku zote ilisogea upande mmoja, iligeuka kwa majuma machache ikasogea milimita kadhaa kinyume. Hakuna tetemeko lililosikika. Herb Dragert na wenzake walieleza mwaka 2001 kwamba ufa ulikuwa umeteleza kimyakimya. Mwaka 2003 yeye na Garry Rogers wakaweka michoro miwili pamoja, ule wa setilaiti na ule wa mitetemo, na ikaonekana kwamba kila ufa unapoteleza, mvumo unasikika. Hurudi kila baada ya miezi 14 hivi. Ni pwani ile ile ambayo tarehe 26 Januari 1700 ilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa 9 hivi. Saa na siku yake inajulikana kwa kuwa mawimbi yake yalifika Japani na waandishi wa kule wakayaandika bila kujua yametoka wapi.

Mwaka 2007 David Shelly, Gregory Beroza na Satoshi Ide walionyesha mvumo huo umetengenezwa na nini. Umewahi kulala chini ya bati mvua ikinyesha? Tone moja moja unalisikia mwanzoni. Zikizidi, huhesabu tena; unasikia mngurumo mmoja tu. Mvumo wa ardhi ni mvua ya namna hiyo: vitetemeko vidogo vidogo, kila kimoja ni sehemu ndogo ya ufa ikiteleza, vingi hata vinamezana. Wao walichukua sauti ya tone moja lililosikika vizuri, wakaipitisha katika kumbukumbu yote, wakitafuta inapofanana. Yakatoka maelfu ya matone, na kila tone likapata mahali pake.

Naona msikilizaji wa Iringa anashika kiuno: Japani ni Japani, sisi bamba gani linazama kwetu? Swali la haki. Kwetu hakuna linalozama. Kwetu nchi inapasuka. Pale Mbeya na Rungwe panakutana mikono mitatu ya bonde la ufa: Rukwa unaokuja kutoka kaskazini magharibi, Nyasa unaoshuka kusini, na Usangu unaopanda kaskazini mashariki kuelekea uwanda unaouona ukiwa juu ya miinuko ya Mufindi. Inapanuka kwa milimita chache kwa mwaka; kucha zako hukua haraka zaidi. Katikati imekaa milima ya moto. Wazee wa Kinyakyusa waliitunza habari ya Mlima Kyejo kutapika mnamo mwaka 1800, na wanajiolojia walioandika juu yake waliitegemea kumbukumbu hiyo ya mdomo.

Lakini kuteleza kimyakimya si mali ya Japani na Kanada peke yao. Mwaka 2005 mvumo ulitangazwa pia kule California, kwenye ufa mkubwa ambao mabamba yake yanapishana ubavu kwa ubavu, hakuna linalozama. Na sisi tulipata letu. Julai 2007, karibu na Ziwa Natron, ardhi ilitikisika siku nyingi mfululizo. Tarehe 17 Julai lilipiga tetemeko la 5.9, na Nairobi watu walikimbia nje ya majengo ya ghorofa. Eric Calais na wenzake walipoisoma picha ya setilaiti walieleza mwaka 2008 kwamba ufa katika mlima Gelai ulikuwa umeteleza taratibu, kisha uji wa mwamba ukapenya chini kwa chini, na kwamba sehemu kubwa ya mwendo ule haikutoka kwa tetemeko lolote. Septemba ile Ol Doinyo Lengai ukalipuka. Kwa bahati njema kulikuwa na mitambo ya muda iliyofungwa kaskazini ya Tanzania mwaka ule ule, nayo kusini mwa Ziwa Manyara ilinasa kundi la vitetemeko vya kina cha kilomita 20 hadi 40. Mara ya pili nasema kwa bahati. Rukwa 1994 bahati, Natron 2007 bahati. Sijui kama bahati ni utaratibu wa kazi.

Maana Karonga hatukuwa nayo. Desemba 2009, ng'ambo ya Kyela tu, upande wa Malawi, ardhi ilipiga tarehe 6, ikarudia tarehe 8, ikarudia tena, na tarehe 19 ikapiga kubwa kuliko zote, ukubwa wa 6.0. Waliripotiwa kufa watu wanne na maelfu walilala nje wakati wa mvua. Mbeya iliyasikia. Kila mtaalamu alikuwa akiutazama ufa mkubwa ulioinua milima ya Livingstone, upande wa Tanzania. Uliokatika ni mwingine, mdogo, upande wa magharibi. Mitambo ilikimbizwa Karonga baada ya nyumba kuanguka.

Hapo ndipo wakubwa wa elimu hii waliposhtuka. Kati ya 2013 na 2015 wataalamu wa Tanzania, Malawi na Marekani walisambaza mitambo kuzunguka upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa na Rungwe, na mingine wakaizamisha hadi sakafu ya ziwa. Yakasikika matetemeko zaidi ya 1,000, mengi hayakumwamsha mtu yeyote usingizini, na kwa hayo nyufa zilizokuwa zinafanya kazi zikachorwa. Halafu muda wa mradi ukaisha na mitambo ikaondolewa, maana ilikuwa ya kuazima.

Na hapa niseme langu. Mvumo wa Obara haukusikika kwa sababu Wajapani wana masikio mazuri kuliko sisi. Ulisikika kwa sababu vituo vilikuwa karibu karibu na vilikaa palepale, mwaka hata mwaka. Kituo kimoja hakiwezi kutenganisha ardhi na lori. Mitambo ya miaka miwili haiwezi kukwambia kama jambo hurudi kila baada ya miezi 14 au kila baada ya miaka 14. Sidai kwamba mvumo ni saa ya kengele. Kabla ya tetemeko kubwa la Japani la 11 Machi 2011 wataalamu waliona baadaye dalili za ufa kuteleza taratibu kuelekea pale lilipoanzia. Lakini miteleza mingine mingi imepita bila kufuatwa na kitu. Hata hivyo mvumo huonyesha ufa ulikolegea, na kwa hiyo huonyesha ulikoshikamana. Kwa anayetaka kujenga hospitali, hiyo si habari ndogo.

Tazama 5.9 mbili. Ile ya Rukwa ya 1994 ni nani anayeikumbuka leo? Ile ya Bukoba ya tarehe 10 Septemba 2016 iliua watu wasiopungua 17, ikaangusha nyumba kwa maelfu, ikabomoa madarasa. Ukubwa ni ule ule. Tofauti ni nani amejenga juu yake, na amejengaje. Jiji la Mbeya kwa sensa ya 2022 lina watu zaidi ya laki tano. Barabara kuu, reli ya TAZARA na bomba la mafuta la TAZAMA, lililofunguliwa 1968, vyote vinapita katika njia panda ile ile ya nyufa. Vituo vya kudumu vya kusikiliza ni vichache mno kwa nchi ya ukubwa huo. Fundi akitaka kuongeza kimoja upande wa Mufindi, Nyololo yenyewe haitafaa, kwa sababu anayoijua kila anayekunywa chai pale. Apande kuelekea kwenye mwamba, mbali na lami, na atafute kingine kilomita 30 mbele cha kukiuliza.

Barua za wiki hii ni nyingi. Msikilizaji mmoja wa Tukuyu anauliza kuhusu Ziwa Ngozi lililoko kileleni mwa mlima. Hilo nitalijibu wiki ijayo, Mungu akitujalia uzima.